Ufunguo wa Sista

Sista wa kliniki ya moyo pale Machakos haulizi habari kabla hajainama. Hubonyeza muundi wa mgonjwa kwa kidole gumba, kisha hungoja aone kishimo kitakawia vipi kujaa. Cha Mutanu, muuza ndengu wa soko la ng'ambo ya barabara, kilikawia.

"Unalalia mito mingapi, mama?"

"Mitatu, sista. Nikilala chini pumzi inakataa."

"Na dawa ya kutoa maji?"

Mutanu akatazama viatu vilivyombana. Siku za soko aliiruka, maana dawa ile haikuwa na subira ya foleni ya choo. Akajiandaa kugombezwa. Sista akatoa mfukoni ufunguo uliofungwa bendeji, iliyochakaa kwa mikono ya wengine.

"Choo chetu ni ule mlango wa buluu. Siku za soko, pitia uuchukue. Sasa meza."