Mrututu Tuliomwaga Mtoni

Kuna asubuhi moja siisahau, mwanangu, na leo umenikumbusha kwa jibu lako la pale mtoni. Nimekukuta unasuuza bomba lako la kupulizia nyanya, maji ya buluu yanashuka na mkondo, nikakuuliza kama unaona unachofanya. Ukacheka. "Bibi, mbona samaki bado wanaogelea?" Sikukujibu pale pale kwa sababu hasira zangu unazijua. Sasa zimetulia. Keti unisikilize.

Mimi ni mtoto wa Ujiji, lakini niliolewa kule kaskazini, karibu na Mwamgongo, kijiji unachokifikia kwa mtumbwi. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu walishushwa kutoka milimani wakapangiwa nyumba kando ya mto mdogo unaoingia ziwani. Mto uliokuwa wa kaya chache ukawa wa kijiji kizima. Tulioga humo, tulifua humo, tuliloweka mihogo humo, na mengine siyataji maana hujamaliza kula. Haukupita muda, watoto wakaanza kuvimba matumbo. Wangu wa kwanza, Juma, akienda haja anatoa damu. Bwana afya akatueleza kuwa ni kichocho cha tumbo, na vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wadogo waliojaa pale mtoni. Mtoto alipewa dawa akapata nafuu, akarudi kuoga, akaumwa tena. Nililia mpaka machozi yakanikauka.

Basi bwana afya akaleta mrututu, yale mawe ya buluu tuliyozoea kuyasaga na kutia kwenye vidonda. Akayafunga ndani ya gunia, akalizamisha mtoni yayeyuke polepole. Konokono wakafa. Kaa wa mtoni wakabaki wanatembea kama kawaida, nasi tukafurahi kwamba dawa hii ina akili, inamjua adui. Kabla ya kuondoka alituonya tusiongeze hata kidogo mpaka arudi kuyapima maji. Mrututu uliobaki ukafungiwa kwenye ghala la kijiji.

Akachelewa kurudi, na konokono wakaanza kuonekana tena. Unajua nani alisimama mkutanoni akapiga kelele ghala lifunguliwe? Mimi huyu huyu. Kidonda ukikitia mrututu kidogo kinakauka, kwa hiyo tukaona mto ukitiwa mwingi utapona kabisa. Tukafungua, na kila kiangazi tukawa tunamwaga.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiokota kaa wale kuwapa wavuvi wa ndoana wafanye chambo, na mume wangu Saidi alikuwa mmoja wao. Mama yule alikuwa wa maneno machache, si kama mimi. Asubuhi ninayokwambia aliniita nikiwa nafua. Alikuwa ameshika kaa jike, mkubwa, anarusha miguu. Akampindua tumbo juu.

"Unaona nini?"

"Kaa mzima, mama."

"Angalia vizuri, mkwe wangu. Wakati huu hubeba watoto wake hapa chini ya tumbo, wadogo wadogo kama ulezi. Mwaka jana sikuwaona. Mwaka huu napindua kila ninayemshika, hamna kitu."

Nikamwambia labda msimu bado.

"Msimu umeshafika," akasema. "Nyinyi mnawaona wazima kwa kuwa wanatembea. Hawa ni wazee wanamalizia siku zao. Nyuma yao hazaliwi mtu."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Kwa hiyo bora kaa wazae, mjukuu wako afe?" Nilimtamkia hivyo mama mkwe wangu, kwa mdomo huu.

Hakunifokea. Akamrudisha kaa majini taratibu. "Juma ni damu yangu. Ningejua hayo mawe yatamponya, ningeyabeba mwenyewe kichwani. Lakini kaa ndiye anayekula konokono, mkwe wangu. Akiisha, konokono wataliwa na nani?"

Sikutaka kumwelewa. Tukaendelea kumwaga. Kaa wale wazee wakaisha mmoja mmoja, hakuna aliyeshika nafasi zao. Duvi, wale kamba wadogo, wakatoweka, wadudu wa chini ya mawe wakatoweka, na samaki waliokuwa wakija kula pale mto unapoingia ziwani wakaacha kuja. Mwisho mrututu ukatuishia ghalani. Mvua zikawashusha konokono kutoka kwenye madimbwi ya juu ambako hatukuwahi kufika, na konokono huzaa haraka. Wakaukuta mto hauna wa kuwala. Wakajaa kuliko mwanzo, na tumbo la mwanangu likavimba upya.

Juma alikua hivyo hivyo, kijana wa miguu myembamba na tumbo gumu. Siku aliyotapika damu tulimpakia kwenye mtumbwi kumpeleka Kigoma mjini. Hatukufika naye akiwa hai. Mama mkwe alikuwa amekaa mkabala na mimi, miguu ya mjukuu wake iko mapajani mwake. Hakusema lolote juu ya kaa, wala siku hiyo wala baadaye. Ni afadhali angesema.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kupulizia nyanya zako, na sitamlaumu mzazi anayemtafutia mtoto wake dawa. Ninachokwambia ni kwamba usiyapime maji kwa kinachoogelea leo. Vitu kama mrututu, na hiyo dawa yako ya buluu ni ya jamii hiyo hiyo, haviozi vikaisha, vinakaa kwenye matope, na asiyekufa anaweza kukosa kuzaa. Bomba lako lioshee shambani, mbali na mto. Kila msimu shuka uinue mawe, uwatafute watoto wa kaa. Usipowaona, simamisha kazi, hata kama wenzako wote wanakupigia kelele, na hata kama anayepiga kelele ni mama anayelia kama nilivyolia mimi. Mhurumie, lakini usimfungulie ghala.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe riziki isiyo na majuto. Akupe watoto, na watoto hao wakuzike wewe. Mimi wangu nilimzika mwenyewe.