Karai lilivyomtenganisha Taiwo na pacha wake

IGBO-ORA. Saa nne asubuhi jua limeshakaa sawasawa juu ya banda la akina mama wakaanga muhogo, na Taiwo Oyeyemi anafanya lile jambo linalowachekesha wenzake kila siku. Anahamisha kiti chake. Anakitoa upande wa kushoto wa karai, anakipeleka kulia, anajifunga kitambaa mpaka juu ya pua, kisha anashika kipande cha kibuyu na kuanza kuzigeuza chenga za muhogo zinazorukaruka kwenye chuma.

"Mwali ametoka!" anapiga kelele Sidikat, jirani yake wa karai la pili. "Jamani, mahari iko wapi?"

"Cheka wewe," Taiwo anajibu bila kugeuka. "Shavu lako hilo hata ukilipaka masizi hayataonekana."

Banda zima linaangua kicheko, Sidikat mwenyewe akiwa wa kwanza, maana maneno hayo ni ya kweli. Mkaanga muhogo hakai uso kwa uso na karai. Hukaa ubavu ili moshi usimtoe machozi, na kwa hiyo shavu moja ndilo linalopokea moto maisha yake yote. Taiwo ana umri wa miaka arobaini na moja, na zaidi ya nusu ya umri huo shavu lake la kulia limekuwa likitazamana na moto. Leo limekuwa jeusi kuliko la kushoto, na la kushoto nalo, kwa sababu ya jua la uwanja wa kuanikia, liko mbali sana na rangi ya mtu anayemkosesha raha.

Mtu huyo ni Kehinde, pacha wake.

"Namwonea wivu," anasema Taiwo. "Andika hivyo hivyo, usipambe. Nikiona picha yake kwenye simu naikuza kwa vidole. Nasema, huyu ni mimi, mbona mimi siye huyu?"

Katika mji huu wa Igbo-Ora mapacha si habari; karibu kila nyumba inao. Ukiita "Taiwo!" sokoni, jina la kila pacha anayetangulia, watageuka watu kumi, na wanane kati yao watakuuliza unamtaka Taiwo wa nani. Ajabu ya hapa ni mapacha wa kufanana wanapoacha kufanana. Hilo watu hulisema wazi, tena mbele yako.

Taiwo ndiye aliyetangulia kuzaliwa, lakini hapa hilo halimpi ukubwa. Kulwa wa huku ndiye mdogo. Mkubwa ni Kehinde, aliyebaki ndani akamtuma mwenzake aende kuionja dunia, alie kama inafaa, ndipo yeye atoke. Taiwo ana hesabu yake kuhusu habari hiyo.

"Tangu tumboni ananituma," anasema. "Baba alipofariki, ada ya shule ikamtosha mmoja. Akaniambia, 'Tangulia wewe kwenye muhogo, mimi nitakuja nikimaliza.' Nikatangulia. Mpaka leo namsubiri."

Kehinde hakuja. Alimaliza shule, akaenda Ibadan, akapata kazi kwenye duka la vitambaa lenye kiyoyozi, na yupo hapo mpaka sasa. Taiwo anakitaja kiyoyozi hicho kama mtu anavyomtaja mke mwenza.

Hata hivyo, wivu huo aliufunika kwa miaka mingi. Ulifunuka wote Oktoba iliyopita, kwenye sikukuu ya mapacha. Ndugu hao walikwenda kama kawaida, kitambaa kimoja, mshono mmoja, vilemba vimefungwa kwa mkono mmoja. Walipofika mlangoni, kijana anayepanga watu alimkaribisha Kehinde, kisha akamzuia Taiwo kwa adabu zote.

"Akaniambia, 'Mama, akina mama wa mapacha wanakaa kule kwenye viti,'" anasimulia Taiwo. "Yaani mimi ni mama yake Kehinde! Nimemzaa! Na Kehinde akacheka. Najua alicheka kwa aibu, lakini alicheka."

Alikwenda akakaa kwenye viti. Aliitazama shughuli yote kutoka hapo, na pacha wake akacheza peke yake kwenye mstari wa watu wawili wawili. Siku hiyo ndipo alipoapa kwamba mwaka huu ataingia mlango ule bila kuulizwa chochote.

Aliporudi nyumbani alianza kwa fujo. Alijipaka papai, akajisugua manjano, na sabuni nyeusi akaitumia mpaka ngozi ikawa inawasha. Kisha akasikia habari za ndimu. Alijipaka usoni na shingoni, na akiwa na ndimu yake hiyo akaenda juani kuanika muhogo.

"Kufika jioni shingo imebabuka," anasema. "Ilipopona ikaacha madoa meusi kuliko mwanzo."

"Tulimwita chui," anadakia Sidikat. "Wateja wakawa wanaogopa hata kuomba kupunguziwa bei."

Aliyemwokoa ni muuguzi wa zahanati, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alimwambia kwamba moto huchoma rangi kama jua linavyochoma, na kwamba rangi iliyoungua hurudi polepole, kwa miezi, tena ikiachwa ipumzike. Ajifunike. Abadilishe upande wa kukaa. Asubuhi apake krimu ya kuzuia jua, usiku mafuta ya shea, na ndimu aipeleke kwenye samaki. Krimu hiyo, kopo lisilojaa kiganja, inameza faida ya siku mbili za soko, lakini Taiwo anainunua na kuificha mbali na wanawe.

Miezi imepita na shavu linaanza kujibu. Anaufungua uso, anamgeukia mwandishi upande huu na upande ule. "Unaona? Sema unaona." Inaonekana kweli. Madoa ya shingoni yamefifia na weusi wa lile shavu la moto umepungua kidogo.

Jumapili moja mwezi uliopita Kehinde alikuja kuwasalimia, mwandishi akiwepo. Alishuka kwenye gari akinukia vizuri, uso umeiva kama papai, na kabla hajakaa akamshika dada yake kidevuni.

"Taiwo, umeanza kung'aa! Unatumia nini?"

"Kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Cha kujifunika. Na wewe je? Usiniambie kiyoyozi. Kiyoyozi hakijawahi kumfanya mtu mweupe kuliko mama aliyemzaa."

Kehinde alicheka akabadilisha mazungumzo. Chakula kikaletwa, amala, ule ugali wa unga wa viazi vikuu unaoliwa kwa mkono, na mchuzi wa majani ya bamia, na maji ya kunawa. Hakunawa. Aliomba kijiko.

Wote pale mkekani wakamgeukia. Amala na kijiko! Taiwo aliweka tonge lake chini, akauvuta mkono wa dada yake kutoka kwenye mkunjo wa gauni. Mgongo wa kiganja ulikuwa wa manjano, lakini kwenye vifundo vya vidole palikuwa peusi tii, kama mtu aliyechambua mkaa; hapo ndipo krimu za kujichubua hushindwa.

"Miaka mingapi?" Taiwo aliuliza.

"Sita," alisema Kehinde. "Kuna dada anachanganya krimu pale sokoni. Bosi alisema wateja wananiona nimechakaa, nikasema nijaribu kidogo tu."

"Basi acha."

"Nimejaribu kuacha. Natoka viraka, Taiwo. Na nikiacha kabisa nitakuwa mweusi kama..."

"Kama nani?" Taiwo alisema. "Malizia, dada. Kama nani?"

Taiwo alimsogelea, akapandisha mkono wa blauzi mpaka kwapani, akaulaza mkono wake juu ya mkono wa pacha wake, upande wa ndani, mahali ambapo moto haujawahi kufika. Ulikuwa wa rangi ya karanga iliyokaangwa, laini, hauna doa. Wa Kehinde pale pale ulikuwa mweupe uliopauka, mishipa inaonekana. Kehinde aliupitishia macho mwili wake mwenyewe kama anayetafuta kitu alichokiangusha, kisha akaugusa mkono wa mwenzake kwa kidole.

"Bado unayo rangi yetu," alisema.

Taiwo haoni haya kusimulia yaliyofuata. "Nilimwonea huruma mpaka nikalia. Halafu nikalala usingizi ambao sijalala tangu nizaliwe. Mara ya kwanza yeye ndiye aliyenionea wivu mimi!" Anacheka mpaka chenga zinaanza kuungua, ikabidi Sidikat amkemee.

Muuguzi amesema Kehinde asikurupuke, aonwe na daktari wa ngozi, apunguze kwa maelekezo. Kehinde hakuahidi kwamba atakwenda. Kilichobaki kuamuliwa kati yao ni mshono wa sikukuu. Mwaka jana Kehinde ndiye aliyechagua mikono mirefu, na sasa Taiwo anajua ni kwa nini. Mwaka huu amemwambia mshonaji aikate juu ya kiwiko, na mapacha hawavai mishono miwili. Kwa majuma mawili Kehinde hakupokea simu.

Leo, karai likiwa limeshaepuliwa, simu inaita. Taiwo anaiweka sauti ya juu bila kujali walio karibu.

"Nimetoka kwa daktari," inasema sauti ya Kehinde, na mtu asiyeona angedhani Taiwo anaongea na nafsi yake. "Mwambie mshonaji akate."

"Mikono yote?"

"Yote. Lakini siku ya sikukuu, mlangoni tangulia wewe, mimi nisikie kwanza watasemaje."

Taiwo anakishusha kitambaa usoni. Anafuta jasho la shavu la kulia, taratibu, kama mtu anayefuta kitu cha thamani.

"Hapana, dada," anasema. "Safari hii tangulia wewe. Wakikuuliza, nitakuwa nyuma yako."