Ugonjwa wa Bibi wa Kila Ijumaa

Jumamosi iliyopita binti yangu aliniambia nisikanyage jikoni, anapika yeye. Tunaishi Nzuguni, nyumba ni ndogo, na jiko na sebule vimetenganishwa na pazia tu, kwa hiyo nilikaa kwenye kochi nikasikiliza. Alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, akifuata maelekezo ya mtu anayezungumza harakaharaka kama anayekimbiza basi. Maharage yakaingia, karoti zikaingia, hoho, nyanya, vitunguu. Nikamuuliza kupitia pazia chakula hicho kinaitwaje.

"Chili, mama. Wewe huwezi kukijua."

Kisha akamwaga pilipili ya unga kwenye mafuta ya moto. Moshi ule ulipotoka kwenye pazia na kunifikia kooni, nilikohoa, nikacheka, nikakohoa tena. Binti akaja mbio na kikombe cha maji akidhani nimepaliwa. Nilishindwa kumweleza. Wewe ndiye nitakayekueleza, maana nina hakika na wewe uliwahi kuwa mtoto mwongo.

Nililelewa Hombolo, kwa bibi mzaa mama. Siku nyingine zote tulikula ugali wa uwele na mlenda, na sikuwa na malalamiko, lakini Ijumaa ilikuwa siku ya maharage. Alhamisi jioni bibi aliyaloweka. Ijumaa asubuhi, kabla sijaenda shule, chungu kilikuwa tayari kwenye mafiga, na sisi wote tulitakiwa kuzungumza kwa upole karibu nacho, kwani bibi alidai maharage yakisikia ugomvi yanagoma kuiva. Mchana ndipo mboga zilipoanza kuingia, moja baada ya nyingine bila kusukumana: karoti, halafu boga, halafu nyanya chungu, halafu majani ya kunde. Mwisho kabisa bibi aliteleka kikaango pembeni, akakaanga vitunguu na pilipili kavu alizozitwanga kwa mkono wake, akavimimina chunguni. Chungu kilinguruma. Harufu ilifika barabarani.

Kila kilipoingia kitu kipya, lazima mtu aonje. Bibi alisema ulimi wake umezeeka na unamdanganya, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Mara tano, kwa upawa. Mpaka darasa la tatu tulitoka shule saa sita, na maisha yalikuwa matamu. Nilipoingia darasa la nne, tukaanza kubaki mpaka saa tisa na nusu, na Ijumaa mchana wote ulikuwa wa kufyeka majani na kumwagilia miti. Nikifika nyumbani nakuta chungu kimeshafunikwa. Ndiyo, ningekula. Lakini kula na kuonja ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ndipo nikamtia bibi ugonjwa kwa mdomo wangu. Ijumaa ya kwanza nilimwambia mwalimu wa darasa kwamba bibi anaumwa kichwa, nikaomba niwahi nyumbani nikamsaidie. Ijumaa ya pili, kichwa kilikuwa kimeshuka kifuani. Ya tatu, hawezi kuinuka. Ya nne, Mungu anisamehe, nilisema ameanza kuniita kwa jina la marehemu mama yake. Kwa bibi nilisema tu kwamba Ijumaa siku hizi tunatoka mapema.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mrefu kutoka Tanga, mpole, ndiyo kwanza ameanza kazi, na moyo wake ulikuwa bado mpya kama viatu vyake. Sikuwaza hata kidogo kwamba mtu wa namna hiyo, ukimwambia kuna mgonjwa, anakwenda kumwona.

Ijumaa ya tano niko uani na upawa, nimemaliza kuonja mara ya nne. Bibi yuko ndani ya kibanda cha jiko, anakaanga pilipili. Nikasikia kengele ya baiskeli. Mwalimu akashuka, mkononi ana papai na pakiti ya glukosi.

"Hodi! Hodi hapa!"

Jibu lililotoka jikoni lilikuwa kikohozi. Si kikohozi cha kawaida. Ni kile cha pilipili, kinachoanzia kwenye visigino na kupanda kikikusanya kila kitu njiani. Mwalimu akavua kofia. Bibi akatoka amejikunja, macho mekundu, machozi yanamtiririka, amekamata kifua na pindo la khanga.

"Shikamoo bibi."

"Mara..." Akakohoa. "Marahaba, mwalimu."

"Usisimame, bibi, nakuomba. Pole sana. Mjukuu wako ametueleza yote. Mwezi mzima huu umepata taabu."

Bibi akanitazama. Nilitazama upawa.

"Amewaeleza yote, eh?"

"Yote, bibi. Hata habari za kumwita kwa jina la mama yako."

Chungu ndicho kilichokuwa kikizungumza peke yake. Nilikuwa nikihesabu hatua kutoka pale nilipo mpaka kwenye uzio wa miiba, nikijiuliza kama naweza kuuruka. Bibi akajishusha taratibu kwenye kigoda, na sauti iliyotoka kinywani mwake, yeye ambaye akiita mbuzi watu walio mbali kule bwawani wanageuka, ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Leo nina nafuu, mwalimu. Kesho ndiyo sijui." Akanigeukia. "Mama yangu," akasema, akimaanisha mimi, "mpakulie mwalimu."

Nilimimina vitunguu na pilipili chunguni, nikampakulia bakuli lililojaa. Watu wa Tanga wanakula maharage ya nazi, laini, yenye adabu. Ya bibi yalikuwa na pilipili ya kutosha familia mbili. Mwalimu alitia tonge la kwanza akasema, "Kitamu." La pili akanyamaza. La tatu jasho likamtoka chini ya macho. Lakini ataachaje chakula alichoandaliwa na mgonjwa mahututi? Alikula mpaka chini, huku machozi yakidondokea humohumo bakulini. Akainuka kuaga. Aliweka mkono kifuani, akainama, akakokota baiskeli yake akipenga kamasi njia nzima, akapita mbele ya nyumba ya jirani.

Hapo ndipo pana kisa kingine, na lazima nikueleze. Jirani na bibi walikuwa hawasemezani tangu msimu wa kupalilia uliopita. Zamani walikuwa wakipika maharage yale pamoja: jirani ndiye aliyeleta karanga za kusaga, alizoletewa na dada yake wa Kongwa, na rojo lake lilikuwa zito hata mwiko unasimama wenyewe. Kisha mbuzi wa jirani akaingia bustanini mwetu akala vichaka vya pilipili. Mbuzi alilia alasiri nzima kama anayechinjwa. Jirani akasema bibi amemtilia sumu mbuzi wake. Bibi akasema jirani amemfungulia makusudi. Tangu siku hiyo, mmoja akitoka kufagia, mwingine anaingia ndani. Na maharage yakabaki bila karanga. Bibi hakuwahi kulisema hilo, ila kila nilipoonja aliniuliza, "Kuna kitu kimepungua?" na mimi nilijua jibu analolitaka ni hapana.

Mwalimu alipotoweka, bibi akainuka, akajinyoosha mgongo.

"Kumbe mwezi mzima naumwa na sina habari," akasema. Nilisubiri kibao. Hakikuja. Badala yake akaingia chumbani, akatandika mkeka, akalala, akajifunika shuka mpaka kidevuni. "Mgonjwa hachoti maji. Mgonjwa hatwangi. Mgonjwa hafungi mbuzi. Muuguzi yupo."

Sikupata kuchoka namna ile maisha yangu yote. Nilichota maji ndoo nne, nikatwanga uwele, nikafagia ua, nikafukuza kuku, na kila nilipokaa chini sauti nyembamba iliniita, "Mama yangu, miguu inawaka moto." Nilimkanda. Alikuwa akitabasamu na macho ameyafumba.

Asubuhi ya Jumamosi ndipo mambo yalipoharibika. Nilisikia kilio kinakuja. Jirani alikuwa ameshuhudia mwalimu akitoka kwetu analia, na mwalimu mzima halii bure. Akaingia na kuku kwapani na bakuli lililofunikwa kichwani, akapita mbele yangu bila kuitikia shikamoo, moja kwa moja mpaka chumbani. Bibi, aliyekuwa ameketi anakula papai la mwalimu, aliwahi kulala na kipande mdomoni.

"Mbukwa, mwenzangu," jirani akamsalimia kwa Kigogo, akipiga magoti kando ya mkeka. "Usiondoke hatujapatana. Nimekuja kukwambia ukweli. Mbuzi sikumfungua. Naapa. Alikata kamba mwenyewe. Lakini nilimwona akila, nikamwacha amalize kichaka kile cha kwanza. Ulikuwa umesema mchuzi wangu ni maji ya kuoshea vyombo."

Bibi akameza papai. Akafungua jicho moja.

"Cha kwanza tu?"

Jirani akafuta pua. "Na cha pili."

"Na cha tatu?"

"Cha tatu alikuwa ameshaanza kulia, nikaenda kumtoa."

Bibi akafumba jicho. Nilimwona anatafuna shavu la ndani, na mimi niliyemjua vizuri nikatambua kwamba hatafuni kwa hasira. Alikuwa amenaswa. Akiinuka sasa hivi akasema ni mzima, jirani ataaibika bure na ataondoka na maneno yake yote. Akabaki amelala. "Mama yangu," akaniambia kwa uzi ule wa sauti, "roho yangu inataka maharage. Nenda kapike wewe."

Kulikuwa na maharage mengine yaliyochemshwa Ijumaa na kutengwa pembeni, kilichotakiwa ni mboga na pilipili. Nilikuwa nimeonja mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa Hombolo, lakini sikuwahi kupika. Nilitwanga pilipili, na nilipotaka kufukuza nzi usoni nikajipangusa jicho kwa mkono uleule. Yowe nililopiga lilifanya kuku aliyeletwa akate kamba na kukimbilia chini ya ghala. Jirani akatoka mbio, akaninawisha kwa maziwa, akanikalisha kwenye kigoda, akashika mwiko yeye.

Alitia karoti. Akatia boga. Kisha, kwa sababu kila mwanamke ana njia yake, akatia nyanya chungu wakati boga bado gumu.

"Bado!" Sauti ilitoka chumbani, ile halisi, ya kuita mbuzi. "Utazivuruga! Boga kwanza lilainike!"

"Boga lako ndilo linalochelewa, nyanya chungu zangu hazina shida!"

"Hazina shida kwako wewe uliyezoea mboga laini kama uji!"

Na bibi akatokea mlangoni, shuka begani, amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Wakatazamana. Kwa jicho langu moja lililokuwa likiona niliwatazama wote wawili, na nilijua dunia yangu imefika mwisho. Jirani akapunguza kuni chini ya chungu, polepole. Akasema, "Naona dawa imefanya kazi." Akafunua lile bakuli lake. Zilikuwa karanga za kusaga.

Sikuulizwa chochote siku ile. Walikula wawili kutoka bakuli moja, wakisutana juu ya nyanya chungu, na mimi nilikula nikiwa na kitambaa jichoni. Bibi alitia tonge mdomoni, akalitafuna, halafu akaniuliza, "Kuna kitu kimepungua?" Safari hii alitaka jibu la kweli, na jibu la kweli lilikuwa hapana.

Kanisani Jumapili walimshukuru Mungu kwa kumponya, akasimama na kupunga mkono, na nilitamani sakafu inifunike. Jumatatu alinishika mkono mpaka mlangoni kwa mwalimu, akaniambia, "Mweleze, mimi nasikiliza." Nilieleza kila kitu, kuanzia kichwa mpaka jina la marehemu. Mwalimu alinisikiliza uso ameukaza. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu, kama pilipili ile nayo ilikuwa sehemu ya mpango. Bibi akamwambia hapana, ile ilikuwa ya kila siku. Mwalimu akaonekana kuumia zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa uongo wangu wote. Mpaka mwisho wa mwaka, kila Ijumaa mchana nilikaa stoo ya shule nikichambua maharage ya chakula cha wanafunzi, nikitoa mawe na wadudu, wala hakuna aliyeniambia nionje.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipougua kweli nilikuwa nimeshaajiriwa mjini, na nilimkanda miguu bila kuamriwa. Aliondoka akiwa ananiita mama yangu, na mpaka leo sijui kama alikuwa amechanganyikiwa au alikuwa ananitania.

Mwaka jana nilikwenda Hombolo kumsalimia jirani. Ni mzee sana sasa, amebaki na meno machache na macho yanayoona mbali kuliko karibu. Nikaona si haki afe bila kujua. Nikamwambia, bibi, ile Jumamosi uliyokuja na kuku, mwenzako hakuwa anaumwa. Ulikuwa uongo wangu.

"Mjukuu wangu," akasema, "mgonjwa gani ana mbegu za papai kidevuni?"

"Ulijua?"

"Nilijua nilipopiga magoti tu. Lakini nilishakuwa chini, na maneno nilishayapanga njiani. Msimu mzima nilikuwa nikitafuta sababu ya kuingia kwenye ua ule."

Tulikuwa tumekaa kibarazani kwake, tukitazama upande wa pili. Nyumba ya bibi haipo. Pamepandwa zabibu, mistari minyoofu ya kupendeza, na mwenyewe ni mtu wa mjini anayekuja na gari mara moja moja, akasimama, akatazama, akaondoka. Nikamuuliza jirani huyo mtu ni wa namna gani.

"Simjui. Nampungia mkono, vioo vimefungwa." Akatazama zabibu zile kwa muda mrefu. "Miaka sita sasa. Hata kugombana hatujawahi."