Mkanda, Manivela na Pampu

Siku ya kumaliza matanga ya baba, uani kwetu Carama, pembeni mwa mji, tulikuwa hawa: baba mdogo, kwenye kiti pekee chenye mgongo; mama mmoja Mkongomani wa Uvira, aliyekuwa akituletea mihogo mikavu kupitia mpaka wa Gatumba; muuza mazutu, yaani dizeli, wa Buyenzi na kofia yake nyeupe; Muhindi mwenye duka la injini mjini; wadogo zangu wawili, kaka yangu na mdogo wetu wa mwisho, mkekani; na mimi, mkubwa wao, niliyeacha shule baba alipouawa barabarani. Mama yetu malaria ilikuwa imemchukua zamani. Majirani waliofuata bia ya ndizi siwahesabu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mashine ya kusagia unga, kimya tangu maziko. Wiki ile kila aliyemdai baba alikuja kutoa pole, na kila mmoja aliondoka na kipande. Muuza mazutu alichukua mkanda. Mama wa Uvira alichukua manivela, kile chuma cha kuzungushia injini iwake. Muhindi, aliyemkopesha baba injini yenyewe, alimtuma fundi wake afungue pampu ya mafuta na kuondoka nayo. Baba mdogo, ili kuokoa kilichobaki, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

Kwetu, matanga yakiisha, mkubwa wa ukoo huuliza mbele ya watu nani alimdai marehemu, na mrithi huitikia. Baba mdogo aliuliza. Walisimama watatu. Hakuna aliyedanganya, baba alikuwa akiyataja madeni hayo tukiwa tunakula, hasa la mazutu, maana tangu nchi jirani zituwekee embago mafuta yalikuwa ghali kuliko unga wenyewe.

Baba mdogo alishauri mashine iuzwe jinsi ilivyo, wagawane, yaishe. Kaka yangu angeenda kwa shangazi Gitega, mdogo wetu wa mwisho kwa wajomba, mimi kwake. Alisema kwa huruma, lakini mdogo wetu alinishika sketi na hakuiachia tena.

"Mi naitikia madeni yote," nilisema. "Lakini mashine musiiuze. Iwashwe, isage, iwalipe yenyewe."

"Na mazutu ya kuiwasha?" aliuliza muuza mazutu. "Niongeze deni juu ya deni, we mutoto?"

Ndipo mabishano yalipoanza. Yeye alikuwa tayari kutoa mafuta mapya, ila yalipwe kila jioni kabla ya deni lolote la zamani. Mama wa Uvira alikataa. Deni lake ndilo lililokuwa la zamani zaidi, iweje wa nyuma apite mbele? Kwao, alisema, mtu akifilisika, wa kwanza kufika na lori anaondoka hata na mabati.

Muhindi akaingilia kati. Alitueleza kwamba kwao India kaka yake alikuwa na kiwanda cha vitambaa. Kilipoyumba kilipelekwa kwenye baraza la viwanda vigonjwa, na sheria ikakataza mdai yeyote kukigusa. Miaka ilipita, mawakili wakala, mashine zikashika kutu hata wauza vyuma chakavu hawakuzitaka.

"Kule wanailinda mpaka inakufa," alisema. "Kwa huyu mama wanaipasua ikiwa hai. Mimi nataka pesa yangu. Mwacheni mtoto asage."

Baba mdogo akauliza kuhusu mahakama. Muuza mazutu akamjibu kwamba ipo, ila na hii vita jaji mwenyewe analala kwa shemeji yake.

Tulikubaliana hivi: mafuta mapya kwanza, mama wa Uvira asagiwe mihogo yake bure mpaka deni lake liishe, Muhindi apate kidogo kila mwisho wa mwezi, bila riba. Wadogo zangu wabaki na mimi, na asiwepo wa kufungua kipande tena.

Mama wa Uvira alitoa manivela chini ya kitenge chake.

"Kumbe uko nayo hapa," muuza mazutu alisema. "Ulikuwa unasongea bugali?"

"Na we, mukanda ulikuwa unashikia suruali?"

Baba mdogo, aliyekuwa ameshatoa ufunguo mfukoni, alicheka mpaka ukamponyoka. Mkanda ulirudishwa mahali pake, na fundi wa Muhindi, aliyeitwa kutoka mjini, alifunga pampu mbiombio, kabla ya saa ambayo serikali ilikataza watu kuwa nje. Kaka yangu nami tulizungusha manivela. Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikagoma, kisha ikashika. Majirani waliacha bia wakakimbilia magunia yao.

Miaka baadaye, vita ikielekea kutulia, redio ilieleza jinsi nchi kubwa zinavyoshughulikia kampuni zilizoshindwa kulipa. Brazili zamani mdaiwa aliongezewa muda bila wadai kuulizwa; China walifikiria kwanza wafanyakazi wa viwanda; India baraza lile lile. Kote, alisema mtangazaji, wanatafuta namna ya kuiacha kampuni ipumue bila kumdhulumu aliyekopesha. Nilitaka kusikia mwisho wake, lakini injini ilikuwa ikinguruma na wateja wamepanga foleni.

Mama wa Uvira alimaliza kulipwa kwanza, akaendelea kuleta mihogo, sasa kwa pesa. Muuza mazutu naye hadai kitu. Kaka yangu yuko sekondari, mdogo wetu anamfuata. Muhindi bado. Kila mwisho wa mwezi nateremka mjini, na kabla hajapokea noti anauliza kama pampu inavuja. Namwambia haivuji. Nusu ya injini bado nadaiwa.