Bushi Hukazwa Gari Likiwa Chini

Kwa miaka minne nilikwenda kwa wifi yangu Buhongwa kila Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili nilichagua kiti kinachotazama jikoni. Nyuma ya mgongo wangu, upande wa pili wa ua, kulikuwa na turubai la buluu, na chini ya turubai gari la marehemu mdogo wangu, yaani mume wake. Wifi alininawisha mikono, akanipakulia ndizi na samaki, tukaongea habari za kanisani. Hakuna aliyelitaja gari. Nililiogopa kuliko nilivyoliogopa kaburi.

Mimi ni fundi wa magari. Gereji yangu iko Igoma, na wateja wangu hawaniletei utani kwa sababu mdomo wangu ni mkali. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyeuzoea. Alinunua gari la mbio la Kijapani, lililokwishatumika, lenye tundu la hewa juu ya boneti na mlio wa kuamsha mtaa mzima. Alilipenda mpaka nikamwambia kwamba kama padri angekubali, angelioa.

Bushi zake za nyuma zilikuwa zimekwisha. Kwa asiyejua, bushi ni bomba fupi la chuma lenye mpira mnene ndani. Hukaa pale chuma cha gurudumu kinapoungana na gari, ili gurudumu licheze kidogo bila kugonga. Nyingine, kubwa zaidi, hushika krosmemba, ile fremu inayobeba magurudumu yote mawili ya nyuma. Gari la kupeleka mahindi sokoni huvumilia bushi zilizochoka. Gari la mwendo halivumilii. Ukishika breki ukiwa kasi, gurudumu la nyuma hujielekeza linakotaka lenyewe.

Nilimbadilishia zote kwa siku moja, magari mengine matatu yakiningoja. Kinyozi hajinyoi, na gari la ndugu hutengenezwa kwa kuibia muda. Nilikaza bolti gari likiwa bado juu, magurudumu yananing'inia, kama nilivyofundishwa na kama wafanyavyo mafundi wengi wa mji huu. Kila bolti niliyoikaza niliitia alama ya rangi nyeupe, ndiyo desturi yangu.

Baada ya miezi mitano alirudi.

"Dada, kuna kitu kinagonga nyuma. Na nikishika breki linavuta."

Nilikuwa chini ya lori. Sikutoa hata kichwa. "Bushi mpya hazigongi. Punguza mwendo wewe."

Alicheka akaondoka. Wiki mbili baadaye, akitoka Misungwi mchana kweupe, barabara kavu, gari lilimshinda kabla ya kufika Usagara. Likatoka barabarani likapiga mti kwa upande wa dereva.

Msibani watu waliuliza ilikuwaje. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye dada, kwa hiyo nilijibu mbele ya wote: mwendo. Mama yetu alilishika neno hilo. Tangu hapo kila mwezi ameomba misa, si ya kumwombea pumziko tu, bali msamaha, kwa kuwa mwanawe aliutupa uhai wake kwa uzembe. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye misa hizo. Nilimshika mkono kwenye ngazi.

Wakati huo nilikuwa bado naamini nilichosema. Mwaka uliofuata fundi mmoja mzee kutoka Bukoba alikuja kunisaidia gereji. Akaniona nakaza bolti ya bushi gari likiwa juu.

"Mwanangu," alisema, "shusha gari kwanza. Ukikaza gurudumu likining'inia, mpira unashikwa vile vile ulivyo. Ukija kushusha, unajisokota kama nguo inayokamuliwa, na unabaki hivyo hadi uchanike."

Nilimjibu ovyo, lakini gari lile nililishusha kabla ya kukaza bolti iliyofuata.

Kuanzia siku hiyo nilianza kumsikia mdogo wangu. Kila gari bovu lililovuka tuta la mbele ya gereji lilikuwa lake, nami nilisimama na spana mkononi nikingoja aingie. Mara moja nilisikia kugonga kule nikajibu kwa sauti, "Nakuja." Wateja wakatazamana.

Jibu lilikuwa chini ya turubai. Mpira uliokufa kwa uzee na mpira uliokufa kwa kusokotwa haifanani, na rangi yangu ningeitambua. Lakini nikiangalia ningejua, na nikijua ingebidi mama aambiwe. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nilijifanya sina hata mtoto.

Mwaka huu, Jumapili moja, wifi aliweka sahani chini.

"Wifi, lichukue lile gari ulitengeneze. Nataka kuliendesha."

Nilimshauri aliuze kama chuma chakavu.

"Nimesema nataka kuliendesha."

Lilivutwa hadi Igoma, na bodi ikanyooshwa na jirani yangu, fundi wa bodi. Nyuma nilifanya peke yangu, mlango wa gereji umefungwa. Nilishusha krosmemba, nikatoa na vile vyuma vya magurudumu, nikavipanga mezani. Rangi nyeupe ilikuwepo; hakuna fundi mwingine aliyezigusa bolti zile. Mipira ya vyuma vile ilikuwa imechanika yote, na yote upande mmoja, kama nguo iliyokamuliwa. Huenda hata bushi zingekuwa nzima angekufa tu. Alipenda mwendo, hilo si uongo. Sitajua kamwe. Ninachokijua ni kwamba aliniambia.

Nilizichoma moto bushi zile mpaka mpira ukaachia, moshi mweusi ukajaa hadi darini. Nikakata mabomba yake kwa msumeno, nikaingiza bushi mpya kwa presi, ile mashine ya kukandamiza, na maji ya sabuni. Nikarudisha kila kitu, bolti zikiwa zimelegezwa, nikalisukuma gari juu ya shimo la kutengenezea, likasimama kwa magurudumu yake. Ulibaki uzito wa dereva, ili mpira ushikwe kama gari linavyokaa likiendeshwa. Wengine huweka mifuko ya mchanga kwenye kiti. Mimi nilimpigia wifi simu.

Alikuja, akaingia, akakaa kwenye kiti cha mume wake. Nikashuka shimoni. Nikakaza bolti ya kwanza, nikakaza ya pili. Kwenye ya tatu niliweka spana chini.

"Wifi," nilisema, nikitazama sakafu ya gari juu yangu. "Mara ile bushi nilizikaza gari likiwa juu. Ndiyo maana zilichanika. Na alikuja kuniambia linagonga, nikamfukuza."

Kiti kililia kidogo. Nikadhani anashuka.

"Najua ulivyomjibu," alisema. "Alinisimulia jioni ile huku anacheka. Na msibani, uliposema mwendo, nilikuwa nimekaa nyuma yako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Fundi ni wewe. Nilikungoja. Kila Jumapili nakupakulia, najiambia leo atasema."

Nililia mle shimoni kama mtu aliyepewa habari ya msiba siku hiyo hiyo. Alingoja nimalize.

"Kaza," alisema. "Tukitoka hapa tunakwenda kwa mama."

Aliendesha yeye mpaka Nyegezi, polepole, mikono yote miwili kwenye usukani. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akamtazama wifi, akalitazama gari. Nilipiga magoti nikamweleza yote, bushi, bolti, maneno niliyomjibu mdogo wangu nikiwa chini ya lori. Nilipomaliza akausogeza ungo pembeni.

"Basi miaka minne," alisema, "nimekuwa nikimsingizia mwanangu mbele ya Mungu."

Akainuka, akatafuta viatu vyake, akajifunga kitenge cha kutokea. Akamwomba wifi ampeleke kwa padri. Alipita karibu yangu pale nilipopiga magoti, akaingia garini, akakaa mbele, akafunga mlango. Mimi hakuniita.