Mbuzi wa Tatu wa Syokau

Lori lilipovuka daraja la Thika na kushika njia ya Ruiru, Syokau alikuwa amekaa juu ya magunia ya makaa, kiondo kati ya magoti, akitafuta kitu cha kuchukia. Hakukikosa. Aliichukia mibuni iliyopangwa mistari kama watoto wanaokaguliwa kucha. Kwao, ng'ambo ya Yatta, mti huota unapotaka. Aliuchukia udongo mwekundu uliopanda mpaka kwenye nyusi za watu, na kijani kile kisichoisha, kana kwamba huku mvua inanyesha kwa kuagizwa. Alikuwa hajawahi kufika upande huu. Mumewe alikuwa amekaa huku miaka miwili, akisomea ualimu.

Karibu na Mugutha askari walilisimamisha lori na kudai vibali, maana ilikuwa mwaka wa hamsini na saba na Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Askari mmoja alimuuliza Syokau kwa Kiswahili cha kambini anaenda kumwona nani chuoni. Akajibu, "Mume wangu." Hilo ndilo neno lililomtoa nyumbani.

Habari ilikuwa imeletwa na Jeconia, jirani yao, aliyekata mkonge katika shamba moja la upande wa Juja. Aliporudi kumzika mama yake alikaa na wanawake jikoni, akasema kwamba Boaz Mulei, mwana wa Ndambuki, anaoa huko huko chuoni. Watu walipomcheka aliapa. Mbuzi alikuwa amewaona kwa macho yake, watatu, wamefungwa kando nyumbani kwa nyapara Muthoka, Mkamba mwenzao. Nyapara mwenyewe alikuwa amesema kwamba mbuzi hao si wa kuliwa, ni wa shughuli ya binti yake Ndunge, naye akisoma chuoni, na huyo Boaz.

Mtu wa taifa jingine angeuliza kwa nini mbuzi na si pete au cheti. Nchi nyingine mwanamke huolewa kwa sahihi, nyingine kwa kitambaa kinachofungwa mkononi. Kwa Wakamba kuna mbuzi watatu wa ntheo. Baba wa msichana akiisha kuwapokea, huyo ni mke wa mtu, hata kama mahari yenyewe bado haijaonekana. Wasipokamilika, anaweza kulima, kupika na kulala kwa mwanamume mpaka nywele ziwe nyeupe, na bado ndugu zake wakamwita arudi kama mgeni aliyekaa sana. Boaz alikuwa amepeleka mbuzi wawili kwa baba yake Syokau. Yule wa tatu aligeuka sanduku la bati na blanketi la chuoni. Angewafuata wenzake baadaye, Boaz alisema, na Syokau alikubali, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetaka huyo kijana asome.

Hapo ndipo palipouma. Walikuwa wamekaa darasa moja katika shule ya misheni, na hadi darasa la nne Syokau ndiye aliyekuwa akimtangulia. Baada ya mtihani Boaz alikuwa akinuna siku nzima, akipiga mawe teke njia yote ya kurudi nyumbani. Kisha baba yake Syokau akasema karo ni ya kaka, na Syokau akarudi kwenye mbuzi. Boaz akaendelea.

Chuo cha ualimu kilikuwa juu ya kilima, kati ya mashamba ya kahawa, na siku hiyo kilikuwa na Sikukuu ya Chuo. Bendera za karatasi zilikuwa zimetundikwa langoni. Vijana wa mashati meupe walikuwa wakikimbia na mabenchi vichwani. Mahali fulani kwaya ilikuwa ikirudia mstari mmoja bila kuridhika nao. Mama mmoja wa Kikuyu aliyeitwa Wakonyo, mfua nguo wa chuo, alikuwa amewekwa kupokea wageni wa kike. Alimpa Syokau maji ya kunawa, akalitazama lile vumbi la makaa, akamuuliza kama amekuja kwa lori au ndani ya jiko.

Syokau alicheka bila kutaka, na kwa kuwa alikuwa amecheka alimweleza yote.

Wakonyo alijipiga paja. "Dada, kwani hukuambiwa? Huo ni mchezo. Wanaigiza harusi ya Kikamba mbele ya wageni. Mwaka jana walifanya ya kwetu."

"Mbuzi ni wa kuchonga?"

"Mbuzi ni mbuzi. Wako nyuma ya jikoni, wamemaliza maua ya Mkuu wa Chuo."

"Na huyo baba ni mwanafunzi amebandika ndevu?"

"Hapana. Ni Muthoka, baba yake Ndunge. Walisema kijana hawezi kuyasema maneno ya wazee vizuri."

"Basi mbuzi ni wa kweli, na baba ni wa kweli, na msichana ni wake wa kumzaa," Syokau alisema. "Mchezo uko wapi?"

Wakonyo aliacha kucheka. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa desturi, na swali lile lilimfikia.

Boaz alipoletwa, alikuja mbio akiwa na tai shingoni, na kitu cha kwanza alichouliza ni nani amekufa. Syokau alimjibu kwamba hakuna, bado. Boaz akampa mkono kama bwana afya anayekagua choo, akauliza habari za mvua, akamwomba akae na wageni, maana yeye alikuwa akingojewa ukumbini kwa mdahalo. Kwa furaha alimwambia kwamba alikuwa amechaguliwa kuongoza wasemaji wa chuo kwenda Nairobi Jumatatu kushindania kikombe. Alikuwa ameingoja safari hiyo mwaka mzima. Kisha akaondoka, na shati lake lilinukia sabuni ambayo Syokau hakuwa amemnunulia.

Mdahalo ulikuwa wa Kiingereza. Hoja ilisema mahari imepitwa na wakati, na Boaz ndiye aliyeitetea hoja hiyo. Kiingereza cha Syokau kilikuwa cha darasa la nne, kilikamata ng'ombe, baba, zamani, na kikaacha mengine yapite. Alihitaji macho tu. Boaz alizungumza vizuri, akinyoosha kidole kama mhubiri. Kisha msichana mwembamba akasimama upande wa pili, sketi ya kahawia, kitambaa cheupe kichwani, na sauti isiyo na haraka hata kidogo. Wakonyo hakuhitaji kumwambia kwamba huyo ni Ndunge.

Ndunge alimmenya Boaz kama mtu anavyomenya ndizi. Alisema jambo moja, ukumbi ukanguruma kwa kicheko. Alisema jingine, na hata Mzungu aliyekuwa akiendesha mdahalo akatoa miwani kujifuta machozi. Na Boaz alikuwa akicheka. Alikuwa akishindwa na msichana mbele ya watu wote, naye alikuwa anapiga makofi, uso wake umefunguka kama dirisha asubuhi.

Syokau aliukumbuka ule uso ukiwa umenuna, mawe yakirushwa njiani. Kumbe Boaz alijua kushindwa kwa furaha. Alikuwa hajui tu kushindwa na yeye, Syokau. Kuhusu mapenzi angeweza kuambiwa kwamba ni uvumi. Hili alikuwa amelishuhudia mwenyewe, na wivu ulimkaa kifuani, mzito, kama chakula kisichotaka kushuka. Hakujua anachomwonea Ndunge wivu hasa ni nini, yule mwanamume au ile sauti isiyo na haraka.

Alasiri wageni walikalishwa kwenye nyasi mbele ya ukumbi. Wazungu wachache walikaa viti vya mbele, wazazi nyuma yao, na pembeni kabisa wakata mkonge waliokuwa wamekuja na nyapara wao. Kulikuwa na ngoma, na vijana wa Kikamba waliruka hewani wakajipindua mpaka mabibi wa Kizungu wakashika kofia zao. Kisha Ndunge akatoka amevaa shanga, ameinamisha kichwa. Muthoka akakaa kwenye kigoda chake, mzee mpana, mwenye sauti ya kuamsha watu alfajiri. Boaz akaja na mbuzi watatu.

Wazungu walicheka, kwa sababu mbuzi mmoja alikuwa akivuta kwenda upande wa chai. Lakini wakata mkonge walinyamaza. Kofia zilitoka vichwani. Boaz aliyasema maneno ya kuomba, kwa Kikamba safi, maneno yale yale aliyowahi kuyasema katika ua wa baba yake Syokau, na mwanamke mmoja wa pembeni akapiga kigelegele ambacho hakikuwa katika mazoezi. Muthoka akanyoosha mkono kupokea kamba.

Syokau alijikuta amesimama. Hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita kati ya viti. Alikumbuka tu kamba ya mbuzi wa tatu mkononi mwake, na ukali wa nyuzi zake.

"Baba, huyu usimpokee," alimwambia Muthoka kwa Kikamba. "Huyu ana njia yake. Anangojwa kwetu."

Wageni wakapiga makofi. Waliona ni sehemu ya mchezo, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba kila harusi lazima iwe na mwanamke wa kuingilia. Boaz alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Ndunge aliinua kichwa, akamtazama Syokau kuanzia kitambaa mpaka vumbi la miguu, si kwa dharau, bali kama mtu anayesoma jambo alilofichwa.

Muthoka hakuondoka kwenye kigoda. "Wewe ni nani, binti yangu?"

"Mke wa huyu. Kwa mbuzi wawili."

Mzee alirudisha mkono wake taratibu, akauweka gotini. Akamuuliza Boaz kama mwanamke huyu anasema kweli. Boaz alitazama viti vya mbele, alikokaa Mkuu wa Chuo, kisha akawatazama wakata mkonge, ambao hawakuwa wakitazama mchezo tena. Angeweza kujibu kama mwigizaji. Neno moja la mzaha, na nyasi zote zingecheka, na Syokau angerudi Yatta akiwa kichekesho.

"Ni kweli," alisema. "Wa tatu nilimuuza nije huku. Hata kwa wazazi wake sijarudi kusema neno."

"Na uliniambia nini mimi, ulipokuja kuniomba nikae hapa na mwanangu?"

"Nilikuambia ni mchezo, baba."

"Nami ni mjinga, nikakubali," Muthoka alisema. "Nikakuazima na mbuzi wangu." Akaikunja kamba ya wale wawili mkononi mwake, mbuzi wake wakarudi kwake. Ile ya tatu hakuigusa. "Huyu wa tatu, mwenye haki naye keshamchagua. Basi utampeleka kwa baba yake. Wewe, si yeye. Mwanamke hajipelekei mbuzi wake. Jumatatu lori la mkonge linakwenda mpaka Matuu. Nami utanirudishia mwingine ukipata kazi."

Boaz alisema kwa sauti ndogo kwamba Jumatatu ni safari ya Nairobi.

"Nairobi haihami," mzee akamwambia.

Ngoma zikalia, kwa sababu wapiga ngoma hawakujua la kufanya jingine. Mkuu wa Chuo alisimama akapongeza, hasa ule mwisho, alioona una uhai. Bibi mmoja wa Kizungu aliyefundisha wake za wanafunzi kusoma na kushona alimtafuta Syokau jikoni, akamwambia kwa Kiswahili kilichopinda kwamba ameigiza vizuri sana, na kwamba katika darasa lake kuna nafasi, na kitanda pia. Wakonyo alitoka nje ili asicheke mbele yake. Syokau hakumsahihisha bibi. Aliuliza tu kama Kiingereza kinafundishwa.

Jioni ile Boaz alimlaumu. Alisema amemwaibisha, kwamba Ndunge si kitu kwake ila mwenzake wa mdahalo. Syokau alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga.

"Uliwahi kunipigia makofi mimi?" akamuuliza.

Boaz hakuelewa swali, na kwa hilo Syokau alipata jibu.

Jumapili nzima Boaz hakusema kesho yake anakwenda wapi. Syokau hakumuuliza. Usiku alimsikia, kupitia ukuta wa mbao, akijadiliana na wenzake kuhusu nani atashika nafasi ya kwanza Nairobi, na moyo wake ulipanda na kushuka kwa kila jina, maana hakuwa amesikia bado kama Boaz amejitoa. Kulipopambazuka, tai ilikuwa imetundikwa msumarini. Boaz alikuwa uani, amevaa koti lake la zamani, akimkaripia mbuzi.

Lori la mkonge lilisimama chini ya kilima. Kijana mmoja aitwaye Kagwe, aliyekuwa amepewa nafasi ya Boaz, alimsaidia kumpandisha mbuzi, akamwambia amsalimie mkwe na asisahau kunyoosha kidole akihutubia. Boaz alimtukana kidogo. Kisha akamwambia Syokau kwamba atarudi wiki ijayo, amwangalizie sanduku lake. Syokau akamwambia ampe baba salamu, na amwambie mbuzi huyu anapenda maua.

Alibaki barabarani, kitabu kipya cha kusomea kikiwa kwapani. Ilikuwa ajabu kumwona mumewe akienda kwao, naye akibaki kwa mumewe. Wenye safari ya Nairobi walikuwa wamekusanyika upande wa pili wa barabara wakingojea gari lao, na kati yao alikuwa Ndunge, sketi ile ile ya kahawia, mikono nyuma, akilitazama lori.

Lori likaondoka. Vumbi lilipoanza kupanda Boaz aligeuka, akainua mkono juu akaupunga. Ulikuwa mkono mmoja, na wanawake walikuwa wawili. Syokau hakutaka kufikiria ni wa nani. Alivuka barabara, akasimama mbele ya Ndunge, bega lake pana likimkinga kabisa, ndipo akainua mkono wake naye akaupunga mpaka lori likapotea kwenye mibuni.