Waya wa Maikrofoni

Naona aibu kusimulia, lakini acha niseme. Ukumbi wetu hapa Mwanza ulipoletewa taa mpya za jukwaa, zinazopokea amri kwa waya kutoka kwenye mtambo wa kuziongoza, nilijigamba kwamba nazijua. Waya wake ulipokuwa mfupi, nikaunga wa maikrofoni kwa sababu plagi ziliingiana. Sikujua kwamba huo hausafirishi zile amri sawasawa.

Katikati ya onyesho taa zilianza kupepesa, kisha zikazimika zote. Nyamizi, mchezaji wetu, alikuwa akicheza juu ya meza. Tulisikia akianguka, halafu akalia kwamba mguu umevunjika.

“Umeme umekatika!” nikapaza sauti.

Mama yake alikuwa ameshamfikia gizani.

“Kijana,” aliniuliza, “mbona feni bado zinavuma?”